Mkanda wa Ndani

Igunga, ghalani, Ijumaa

Mwanangu Nzila,

Shuleni walitufundisha kwamba barua inaanza kwa kuulizana afya. Afya nitakuuliza huko chini nikipata nafasi. La kwanza ni hili: usiwashe gari. Kama ufunguo uko mkononi, uweke mezani. Kama mama yako ameshapanda, mwambie ashuke, arudi ndani anywe chai. Halafu ndiyo usome.

Aliyekupa barua hii ni fundi Sudi, yule wa Ng'ambo aliyekuwa anatutengenezea gari enzi za teksi. Usimfokee. Amekaa kwenye lori la mchele usiku huu kwa ajili yako, na boksi alilobeba kwapani ni lako pia. Mpe maji ya kunawa uso.

Najua unachosema sasa hivi. Unasema, "Baba ameanza tena."

Nilipokupigia leo mchana, shikamoo yako ilikuwa fupi, kama ya mtu anayepita njia. Nikakwambia kuna shida ya mkanda. Ukasema, "Baba, mkanda gani tena? Si uliniambia mwenyewe mkanda mpya?" Nikasema nilikosea. Ukasema, "Kwanza ilikuwa klachi. Ikaja tairi. Zikaja breki. Leo mkanda. Kesho utasema taa ya ndani haiwaki." Nikasema safari hii ni kweli. Ukaniuliza, "Kwa hiyo zile nyingine zilikuwa uongo?"

Ukakata. Tangu hapo simu yako haipatikani. Mama yako nilimpata. Akaniambia, "Baba Nzila, mwache mtoto aende. Umeshindwa kwenye klachi, usianze na mkanda." Naye akakata, na yeye hajawahi kunikatia simu.

Sasa nakujibu swali lako, maana kwenye simu nilishindwa. Ndiyo, zilikuwa uongo. Klachi ilikuwa nzima. Tairi zilikuwa na maisha marefu mbele yake. Breki zilikuwa na vumbi tu. Nilitaka muda upite, ile nafasi yako ya uuguzi Itigi wampe mwingine, wewe uombe kazi hapo hapo Tabora. Nilikuwa najiona nimerudi nyumbani na mgongo huu, nimelala kwenye mkeka, na wewe unaingia jioni na nguo zako nyeupe za zahanati. Hayo ndiyo niliyokuwa nayaona. Sikuwa naona gari.

Nilikuwa natumia gari kama watu wanavyotumia ugonjwa wa tumbo wasipotaka kwenda kazini. Na leo tumbo linauma kweli, hakuna wa kuniamini.

Nisikilize ilivyokuwa.

Leo tulipomaliza kupakia lori la asubuhi nilikwenda kwa mama ntilie nyuma ya ghala. Waliotoka kuswali Ijumaa walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi. Nikasikia mtu anacheka kicheko ninachokijua, kile cha kucheka na kukohoa pamoja. Nikageuka, Sudi. Kumbe alihamia huku kwa mke wake wa pili, ana gereji ndogo karibu na stendi.

"Mzee wa teksi!" akaniita. "Unaniona au nikutajie jina?"

"Jina nalijua," nikamwambia. "Sura ndiyo inakuja na ukungu."

"Na lile gari letu? Ulishauza chuma chakavu?"

Nikajibu kwa maringo, mwanangu, nisikufiche. Nikasema gari liko hai, na kesho binti yangu muuguzi analiendesha mpaka Itigi, anakwenda kuanza kazi, mama yake yuko kiti cha mbele anamsindikiza. Watu wakageuka kunitazama na vumbi la magunia lililonijaa mabegani. Nikaona nimsifu na yeye. Nikasema, "Na ule mkanda uliofunga wewe, Sudi, mpaka leo haujalia."

Akaweka kikombe chini. "Mkanda upi?"

"Ule mkanda. Nilikuletea gari linalia kama panya, nikakwambia badilisha mkanda."

"Huo wa nje," akasema. "Wa feni. Wa ndani sikuugusa. Hukuniambia wa ndani."

"Kwani iko miwili?"

Benchi zima likacheka. Mmoja akasema, "Mzee kaendesha teksi mpaka macho yamekwisha, anauliza kama iko miwili!" Mwingine akasema, "Mwacheni, na suruali yake ina mmoja." Sudi hakucheka. Akaniuliza wa ndani ulibadilishwa na nani. Nikamwambia hakuna fundi mwingine aliyewahi kulifungua gari lile. Akauliza, "Binti anaondoka lini?"

Nikasema kesho alfajiri.

Akasema, "Mpigie."

Ndipo nikakupigia, na wewe ukanijibu ulivyonijibu.

Unakumbuka ulipokuja kuniona huku, mvua za mwisho? Uliniuliza vizuri kabisa. Ulisema, "Baba, taiming belti ilishabadilishwa?" Mimi nikasikia belti. Kwangu belti ni mkanda, na mkanda nilikuwa naujua mmoja, ule unaouona ukifungua boneti. Nikakwambia, "Mkanda mpya, kafunga Sudi, safiri bila wasiwasi." Ukaniamini. Siku ile ungeniuliza juu ya klachi ningekudanganya kwa kusudi. Kwenye mkanda nilikujibu kwa moyo safi, na jibu hilo ndilo la hatari kuliko uongo wangu wote.

Naitwa kupakia. Shija, dereva wa lori, ananipigia honi. Ameniona naandika, anapaza sauti ghala zima lisikie: "Jamani, kuli anaandika! Leo mvua itatunyeshea!" Nakuja.

Nimerudi. Mkono umechoka kwa gunia, usishangae mwandiko.

Nikueleze alichonieleza Sudi, nilivyokielewa mimi. Wa nje unazungusha feni na kile kinachochaji betri. Ukikatika, taa nyekundu inawaka, unasimama, unatafuta msaada, mambo yanaisha. Wa ndani umefichwa ubavuni mwa injini, chini ya mfuniko wa plastiki. Ni wa mpira, una meno. Kazi yake ni kuufunga mhimili wa chini unaosukumwa na pistoni pamoja na mhimili wa juu unaofungua valvu, iende kwa hatua moja. Pistoni ikipanda, valvu imeshapisha. Pistoni ikishuka, valvu inaingia. Chumba ni kimoja, wanapishana mlangoni maelfu ya mara bila kugusana. Mkanda ukikatika, hakuna tena wa kuwapishanisha. Wanagongana. Valvu zinapinda, injini inakufa hapo hapo. Sudi anasema kuna injini nyingine mkanda ukikatika zinazima tu, zinasubiri mkanda mwingine zinaendelea. Nikamuuliza yetu ni ipi, huku namwomba Mungu. Akatikisa kichwa.

Na kabla haujakatika haulii. Haunuki, hauvuji, hauwashi taa. Wewe ni muuguzi, ulitueleza mwenyewe habari ya presha, kwamba mtu anatembea nayo anacheka mpaka siku anayoanguka. Basi ni hivyo.

Gari likizima mwendoni, usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Nyuma yako kuna lori. Pembeni yako kuna mama yako. Kwenye kipande kile baada ya Tura hakuna gereji, na simu inashika pale inapotaka yenyewe. Nimeandika mistari hiyo nikasimama. Nimekwenda kunywa maji. Sitaki kuirudia.

Nilimwambia Sudi labda bado mzima, mbona gari linakwenda vizuri. Akasema, "Kila uliokwisha kukatika ulikuwa unakwenda vizuri jana yake." Nikamuuliza basi tujue vipi umri wake. Akauliza, "Kilomita ngapi?" Hapo ndipo nilipoona nimekwama, maana unajua dashibodi ya gari letu siyo yake. Ile ya zamani ilipokufa tulifunga nyingine iliyotoka kwenye gari lililopinduka, na tangu hapo namba unayoiona pale ni ya gari la marehemu. Letu limetembea zaidi, tena sana. Limekwenda Urambo kwenye tumbaku, limekwenda Bukene kwenye misiba na harusi, limezunguka mjini kutwa kucha. Halafu macho yangu yalipoingia ukungu likakaa chini ya turubai, kiangazi kikapita juu yake, masika yakapita, mpaka wewe ulipopata leseni. Mimi nilifikiri lilikuwa linapumzika. Sudi anasema mpira hauna mapumziko, unazeeka hata ukilala.

Kuna jambo jingine litakuchekesha, nami nataka ucheke kidogo. Unakikumbuka kikaratasi cha njano kwenye mfuniko wa injini, chenye maandishi ya Kijapani? Kila Jumapili kabla ya kanisa nilikuwa nakifuta kwa kitambaa kibichi. Ulipokuwa mdogo nilikuchapa kiganja kwa kukibandua pembe. Nilidhani ni cheti kwamba gari ni zima kutoka kiwandani. Abiria mwenye mashaka nilikuwa namfungulia boneti namwonyesha: "Ona, Japani tupu, halijaguswa." Leo Sudi ameniambia ni kitu gani. Ni cha fundi wa huko kwao, kinasema mkanda wa ndani ulibadilishwa gari likiwa na kilomita kadhaa, na kilomita zenyewe zimeandikwa kwa namba, namba hizi hizi ninazozisoma. Miaka yote nilikuwa nafuta vumbi kwenye onyo ili lipendeze.

Naitwa tena.

Shija ameniuliza barua inakwenda kwa mwanamke gani, mbona ndefu hivi. Nikamwambia kwa binti yangu. Akaacha utani. Akasema lori likijaa kabla ya magharibi atafika Tabora kabla ya adhana ya alfajiri, Nzega hatalala. Kwa hiyo, mwanangu, ninavyopakia haraka ndivyo barua inavyokuwahi, na ninavyoandika sana ndivyo lori linavyochelewa kujaa. Wenzangu wameanza kunisaidia sehemu yangu. Hawajaniuliza.

Sasa nikwambie kwa nini nilisimama pale kwa mama ntilie kama mtu aliyepigwa.

Jina lako unalijua maana yake. Nzila, njia. Tumekusimulia mara nyingi kwamba ulizaliwa njiani, na kila tukisimulia tunacheka, hasa pale mama yako anapoiga watu wa reli. Mimi ndiye niliyeifanya iwe hadithi ya kuchekesha. Ilibidi iwe hivyo ili mama yako aweze kuisikia.

Tulikuwa bado tunakaa Tura. Uchungu ulimwanza asubuhi, mtoto amekaa vibaya, mkunga akasema mpelekeni Tabora. Jirani yetu Mzee Pius alikuwa na pikapu. Tukamlaza mama yako nyuma kwenye godoro, mimi nimemshika kichwa. Tulikuwa tumekwenda mwendo mzuri, barabara ya vumbi wakati ule. Halafu pikapu ikanyamaza.

Nakwambia ikanyamaza. Haikupiga kelele wala haikutoa moshi. Ilikuwa kama mtu amezima kwa ufunguo. Tukabingirika mpaka tukasimama, na nilichokuwa nasikia ni upepo kwenye miyombo na mama yako. Mzee Pius akapiga selfu. Ikazunguka nyepesi, kama injini haina kitu ndani. Sauti ile sijaisahau, ningeisikia leo ningeijua. Niliruka chini tukafungua boneti. Nilikuwa sijui gari wakati huo, lakini nilitaka kufanya kitu. Nikashika mkanda wa feni nikasema, "Mkanda si huu hapa, mzima!"

Mzee Pius akasema, "Siyo huo. Wa ndani." Akakaa chini barabarani.

Mama yako akapiga ukelele, nikarudi nyuma ya pikapu, na lile neno likabaki pale pale.

Ulizaliwa kwenye godoro lile. Mwanamke mmoja aliyetoka kuchota maji na ndoo kichwani ndiye aliyekupokea, na maji yake yote yaliishia kwako. Wewe ulilia vizuri. Mama yako ndiye aliyekuwa anakwisha. Damu ilipita kwenye godoro ikadondoka chini ya pikapu, mimi nikawa naisikia inadondoka. Tulimbeba na shuka mpaka kwenye reli, na Mungu akaleta kiberenge cha watu wanaokagua njia. Walikuwa wamebeba sururu na sufuria la ugali. Wakashusha vyote, wakampandisha. Wewe nilikubeba kifuani ndani ya shati. Hapo ndipo mama yako anapoiga yule mkubwa wao aliyekuwa anasema, "Kaza mwendo, lakini msimwamshe mtoto!" Na sisi tunacheka. Mimi nikicheka nasikia kile kinachodondoka.

Basi leo Sudi aliposema "Huo wa nje, wa ndani sikuugusa," lile neno lilitoka lilikokuwa limekaa umri wako wote. Nimelisikia mara mbili maishani. Mara ya kwanza nililisikia nikaliacha barabarani. Baadaye nikanunua gari, nikabeba watu, nikajiita dereva, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote: wa ndani ni upi? Niliona aibu kuuliza. Darasa la nne niliacha, na mtu wa darasa la nne akishapata gari anaogopa kuuliza, watu wasije wakajua. Aliyeniuliza vizuri ni wewe, na mimi nikakujibu kwa haraka ya mtu anayeogopa swali la pili.

Kesho ni njia ile ile. Ni lami sasa, lakini njia ni ile. Wewe utakuwa kwenye usukani, mama yako pembeni. Mama yule yule.

Ungekuwa wewe ungelala?

Sikuambii usiende. Soma tena hapo, sikuambii usiende. Baba wa babu yangu alipita huko huko na mzigo kichwani mpaka pwani, na nyumbani hawakujua kama yu hai mpaka walipomwona anarudi. Babu alituambia kwamba kazi ya mwisho ya baba yake kabla ya kuondoka ilikuwa kufungua mzigo wote na kuufunga upya kwa kamba mpya, hata kama ya zamani ilionekana nzima, na mkewe alikuwa anamkasirikia kwa kuchelewa. Sisi ni ukoo wa watu wa kubeba na kwenda. Mimi mwenyewe nabeba hapa. Siwezi kumwambia mtoto wa ukoo huo akae.

Ninachokuomba ni siku moja tu. Jumamosi hii. Kazini wanakutaka Jumatatu. Mlitaka kuondoka Jumamosi kwa sababu mama yako hapendi kusafiri Jumapili akakosa ibada. Mwambie mchungaji atamsamehe, na asipomsamehe nitakwenda mimi kugombana naye. Sudi atafanya kazi hapo hapo uani, anasema mpaka jioni atakuwa amefunga. Jumapili alfajiri mnaondoka.

Kwenye boksi kuna mkanda wa ndani mpya. Kuna na rola zake na kile kinachoukaza, maana beringi ya rola ikikwama mkanda mpya unakatika kama wa zamani. Kuna pampu ya maji, kwa sababu inakaa humo humo nyuma ya mkanda, na ikija kuvuja mwakani itabidi kufungua yote upya. Kuna sili za mbele, za kuzuia oili isivuje. Sudi anasema oili ikidondokea mkanda inaula, na gari lililotembea kama letu halikosi kudondosha. Wa nje nao nimeweka mwingine, ndiyo, huo huo wa panya. Usiniulize nimepataje. Nimepata.

Kaa karibu naye akifunga, siyo kumlinda, ila ujue. Mwambie akuonyeshe alama za juu na za chini zinavyokutana. Akishafunga, azungushe injini kwa spana, kwa mkono, taratibu, mizunguko kamili, alama zirudi mahali pake, ndipo apige selfu. Hayo ameniapia mwenyewe, wewe mkumbushe tu. Ukiona jambo hulijui, uliza. Ukijibiwa, uliza tena ni upi. Mimi sitaona aibu kwa ajili yako.

Na akimaliza, bandika karatasi pembeni ya ile ya njano. Andika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wako mzuri: mkanda wa ndani, mwezi huu, mwaka huu, na kilomita za lile gari la marehemu, zianze kuhesabiwa hapo. Siku utakapomwachia mtu mwingine gari hili, aweze kusoma.

Habari ya kufunga milango, kula vizuri, kutokopesha watu, sikuandikii. Hayo mama yako atayasema mpaka Itigi.

Nilitaka kuja mwenyewe. Kwenye lori kiti kilikuwa kimoja. Shija alisema tungeweza kubanana, lakini nilifikiri: Nzila akinikuta mimi mlangoni ataona mtu wa klachi na tairi na breki. Tutagombana, atawasha gari kwa hasira. Akimkuta Sudi labda atasikiliza. Kwa hiyo kiti nimempa anayeweza kukusaidia. Nimebaki na magunia.

Kama lori limechelewa na mmeshaondoka, Sudi atakuta mlango umefungwa. Nimekaa na wazo hilo tangu mchana. Nimepiga simu yako tena sasa hivi, yule mwanamke wa mtandao ameniambia yale yale. Nitaendelea kupiga. Ukiiwasha utakuta nimepiga mara nyingi mpaka utaona aibu kwa niaba yangu.

Lori limejaa. Shija amewasha. Sudi yuko juu tayari, amevaa koti langu.

Fungua bahasha vizuri, kuna kitu kingine chini. Ni ufunguo wa pili wa gari. Ulikuwa unauliza umepotelea wapi, nami nikasema sijui. Ulikuwa mfukoni mwangu tangu siku nilipoondoka nyumbani. Nilikuwa naushika nikiwa nimebeba, nikijiambia kwamba maadamu uko kwangu gari ni langu kidogo na wewe huwezi kwenda mbali sana. Mtu anayetaka kukuzuia asingeutoa. Sasa zote mbili ziko kwako, na mimi mfuko ni mtupu.

Nilisema afya nitakuuliza huku chini. Hujambo, mwana wane, mwanangu? Mimi si mzima sana leo. Nitakuwa mzima Jumapili jioni ukinipigia kutoka Itigi, na nisikie nyuma yako injini inaunguruma, na mama yako anakwambia uizime, mafuta yanakwisha. Usiizime haraka. Iache niisikilize.

Baba yako